Pikapu Imefia Bunda, Dawa Inatafutwa Dar

Ukizunguka gereji za Musoma na Bunda siku hizi hutakosa kuikuta pikapu moja imeegeshwa pembeni, boneti wazi, vumbi limejaa kwenye kioo na kuku wamepumzika chini yake. Ukiuliza inaumwa nini utajibiwa kwa kifupi: "Kontroli boksi ya gia imekufa, tunasubiri nyingine kutoka Dar." Mwenye gari yuko nyumbani anahesabu siku. Fundi anaendelea na magari mengine. Boksi ikifika kwa basi inafungwa, na mara nyingine gari linapona. Mara nyingine halibadiliki hata kidogo, na safari ya kutafuta boksi ya pili inaanza.

Leo naomba niliongelee jambo hili kwa kirefu, maana naona watu wanafilisika kimya kimya. Msimamo wangu nautoa mapema: asinunue mtu kompyuta ya gia kabla mwenye mita hajapima umeme na nyaya zinazoihudumia. Na huyo mwenye mita alipwe kwa kupima, hata kama hajabadilisha spea yoyote.

Kwanza tuelewane hii boksi ni kitu gani. Kwenye gari la gia za mkono, kazi ya kuamua gia ni ya dereva: mguu kwenye klachi, mkono kwenye gia. Kwenye pikapu za otomatiki za kisasa kazi hiyo anaifanya kompyuta. Anasoma sensa zinazomwambia shafti inaingia kwenye giaboksi kwa kasi gani na inatoka kwa kasi gani, mafuta yana joto kiasi gani, dereva amekanyaga mafuta kwa kiasi gani, na mpini wa gia uko wapi. Akishapata hesabu yake anapeleka umeme kwenye solenoidi, yaani vali ndogo zinazofungua na kufunga njia za mafuta ndani ya giaboksi. Presha ya mafuta ndiyo inayobana sahani za gia husika. Magari mengine kompyuta hii imewekwa ndani ya kabini au karibu na injini, mengine imefungwa ndani ya giaboksi yenyewe, inaogelea kwenye mafuta ya moto. Na yapo magari ambayo injini na gia vinaendeshwa na kompyuta moja.

Kompyuta hii ikipata taarifa isiyoeleweka haibahatishi. Inashikilia gia moja, mara nyingi ya kati kama ya tatu, inawasha taa kwenye dashibodi na kukuacha ujikokote mpaka nyumbani. Gari linakuwa zito, kilima kinakushinda, kasi haipandi. Watu wengi wanaona hapo giaboksi imekufa au kompyuta imekufa. Kumbe inawezekana kompyuta ni nzima kabisa na inafanya kazi yake ya kuilinda giaboksi isiungue.

Nina baba mdogo anayefanya biashara ya dagaa na mahindi pale Bunda. Pikapu yake ya kabini mbili, otomatiki, ya mtumba, ilimgomea akitoka Musoma na mzigo, amekwishapita Makutano. Gari likawa zito na halivuki kilometa 60 kwa saa. Akafika Bunda usiku, asubuhi akaita fundi. Fundi akachomeka kimashine chake, akasoma namba P0700, akasema kontroli boksi. Baba mdogo akauza mitamba miwili. Boksi ya kwanza, ya mtumba kutoka Dar, ilipofungwa gari likakataa hata kuwaka, kwa sababu boksi ngeni haikuelewana na kompyuta ya injini. Ya pili ikawasha gari lakini ugonjwa ukabaki vilevile. Wiki tano gari limelala, na wateja wake wa dagaa wamekwishahamia kwa mtu mwingine.

Mwisho akaja kijana mmoja fundi umeme kutoka Musoma, amepanda basi na begi lake lenye mita, balbu na msasa. Alifanya kazi kama saa mbili. Alichokuta ni waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi chini ya betri. Wakati gari linachomelewa bampa ya chuma, mtu aliifungua bolti ile, akapaka rangi kila kitu, akairudisha bolti juu ya rangi. Kutu ikafanya yaliyobaki. Kijana akasugua, akakaza, akarudisha boksi ya zamani, ile iliyotangazwa kuwa marehemu. Gia zote zikarudi.

Sasa sikilizeni kichekesho kisichochekesha. Yule kijana aliomba sh. 30,000. Baba mdogo, aliyelipia boksi mbili bila kubisha, akaanza kumpunguza: "Mbona hujaweka kitu? Umekaza nati tu!" Wakamalizana kwa sh. 20,000.

Jamani, hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tunalipia chuma, hatulipii akili. Kitu kikishikika mkononi tunatoa fedha ya ng'ombe. Mtu akitumia saa mbili kutuambia kitu gani hakijafa, tunaona katuibia. Fundi naye si mjinga, anajifunza haraka. Akijua mteja halipi kupima, kwa nini apime? Atataja spea, apate chake kwenye kufunga, na pengine kidogo kutoka kwa muuza spea. Halafu tunakaa kijiweni tunawaita mafundi wezi.

Turudi kwenye ile namba P0700, kwa sababu imewaponza wengi. Namba hii haisemi kompyuta imekufa. Inasema tu kwamba mfumo wa kuendesha gia una hitilafu iliyorekodiwa, nenda kaisome kwenye kompyuta ya gia yenyewe. Ni sawa na mlinzi wa getini kukwambia "kuna shida huko ndani". Ukiingia ndani unaweza kukuta P0720, ambayo inahusu sensa ya kasi ya shafti inayotoka au nyaya zake. Unaweza kukuta P0562, yaani umeme wa gari uko chini. Unaweza kukuta U0101 kwenye kompyuta nyingine za gari, zikilalamika kwamba hazimsikii kompyuta wa gia. Na huyo asiyesikika anaweza kuwa amekufa, au amekatiwa umeme, au waya wa mawasiliano umekatika. Vimashine vya bei rahisi vinavyounganishwa na simu vingi haviingii huko ndani. Vinaishia getini.

Na sisi wa Mara tuna tabia zetu zinazoziua hizi kompyuta au kuzisingizia. Nitaje chache.

Ya kwanza ni kubusti. Betri ya pikapu imeisha asubuhi, anapita jamaa na Fuso, nyaya zinatolewa. Malori mengi ya aina hiyo yanatumia volti 24, pikapu ni volti 12. Gari linaweza kuwaka kwa furaha kubwa na kompyuta ikaumia siku hiyohiyo.

Ya pili ni kuchomelea. Pikapu zetu hazikai bila kuongezwa keria, bampa na vyuma vya kushikia mzigo. Mchomeleaji anabana ethi yake popote na betri haijafunguliwa, umeme wa mashine unapita njia unayoitaka wenyewe. Kufungua betri kabla ya kuchomelea ni kazi ya dakika tano.

Ya tatu ni kuosha injini kwa mashine ya presha, au kuingiza gari ziwani mpaka magurudumu yazame kwa sababu maji ni ya bure. Maji yanaingia kwenye plagi, na pini zinaota ukungu wa kijani. Ongeza barabara za vumbi zinazotikisa kila bolti, panya wanaopenda nyaya gari likilala jirani na ghala la mahindi, na betri iliyochoka ambayo mwenyewe anaivumilia mwaka wa pili.

Kwa hiyo mtu akikwambia boksi imekufa, mwulize amepima nini. Huhitaji kuwa fundi kuuliza. Betri iliyopumzika na iliyojaa inatakiwa kusoma karibu volti 12.6, na injini ikiwaka isome kama 13.5 hadi 14.5. Fyuzi zinazohudumia kompyuta zipimwe, zisitazamwe tu kwa macho. Umeme unaofika kwenye plagi ya kompyuta upimwe kwa kuwasha balbu, maana waya uliobakiza uzi mmoja utaidanganya mita na kuonyesha volti 12, lakini balbu ikidai mzigo utaona inafifia au haiwaki kabisa. Ethi ipimwe namna hiyohiyo. Plagi ichomolewe itazamwe kama ina maji, kutu, au mafuta ya giaboksi yaliyopanda ndani ya nyaya, maana yanapanda kweli. Kwenye magari mengi yaliyotoka baada ya 2008, betri ikiwa imefunguliwa, ukipima kati ya pini namba 6 na namba 14 za ile plagi ya kuchomekea mashine chini ya usukani, mita inasoma kama omu 60. Ikisoma 120, ujue njia ya mawasiliano imekatika mahali na upande mmoja haupatikani. Na mafuta ya giaboksi yaangaliwe: yamepungua? Yamekuwa meusi na kunuka kuungua? Kompyuta mpya haiponyi sahani zilizokwisha.

Haya yote hayahitaji mashine ya mamilioni. Ni mita, balbu, na mtu mvumilivu.

Nisieleweke vibaya. Boksi zinakufa kweli, na kuna wakati dawa ni kubadilisha. Mfano mzuri ni Toyota RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani. Kompyuta yake ilikuwa na kasoro iliyofanya gia ziingie kwa kishindo, na isiposhughulikiwa giaboksi yenyewe iliharibika. Toyota iliongeza dhamana ya kompyuta hiyo hadi miaka 10 au maili 150,000. Fikiria sasa wangapi walifungua na kufufua giaboksi kabla ya ukweli kujulikana. Kwa hiyo kutopima kunauma pande zote mbili: unanunua kompyuta wakati mgonjwa ni waya, au unashusha giaboksi wakati mgonjwa ni kompyuta.

Ikishathibitika kwamba imekufa, kuibadilisha nako kuna adabu yake. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ilingane na ya zamani, siyo kufanana umbo na plagi tu. Betri ifunguliwe upande wa hasi kabla ya kuchomoa chochote. Kwenye magari mengi boksi mpya inakuja tupu, inahitaji kuwekewa programu ya gari hilo na namba yake ya chasisi, na ile ya mtumba inaweza kuwa bado inajiona iko kwenye gari lililopata ajali Japani. Wakati wa kuweka programu betri inatakiwa iwe kwenye chaja imara, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kazi boksi mpya inaweza kufia mezani. Baadaye kompyuta inafundishwa upya, gari linaendeshwa taratibu kwa utaratibu wa mtengenezaji mpaka izoee gia zake. Fundi anayefunga na kukukabidhi ufunguo papo hapo, bila lolote kati ya haya, mwulize maswali.

Hapo tunafika kwenye kundi la tatu la watuhumiwa, ambalo huwa halitajwi kijiweni. Mtengenezaji wa gari ameifungia elimu hii kabatini. Programu zake, michoro ya nyaya na maelekezo vinapatikana kwa mawakala wake, na wakala hayupo Butiama. Wenzetu walishaliona tatizo. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2007 inayowalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi huru taarifa za matengenezo. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilipitisha sheria yake mwaka 2012. Hata hapa Afrika, Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa mwongozo ulioanza kutumika Julai 1, 2021, unaomruhusu mwenye gari kwenda kwa fundi huru bila kupoteza dhamana yake. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na tuna Tume ya Ushindani. Je, tumewahi kuwauliza wabunge wetu wa Mara kama fundi wa Bunda ana haki ya kupata mchoro wa nyaya wa gari lililouzwa nchini kwake?

Na tusijidanganye kwamba kampuni kubwa zitasema ukweli zenyewe. Nchini Australia, Mahakama ya Shirikisho mwaka 2018 iliitoza Ford dola milioni 10 za huko kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi zake za PowerShift. Baadhi ya wateja hao walikuwa wakiambiwa kwamba gari linatetemeka kwa sababu ya uendeshaji wao. Hao ni watu wenye mahakama na tume kali. Mkulima wa Nyamuswa ataambiwa nini?

Wapo watakaosema dawa ni kurudi kwenye gia za mkono. Nawaelewa, na kwa anayenunua leo gari la kazi ya shamba ushauri huo si mbaya. Lakini hautadumu. Hata Land Cruiser ya safu ya 70, ile ya kazi ngumu inayopendwa na hospitali, hifadhi na migodi, mwaka 2023 Toyota iliipa toleo la injini ya lita 2.8 lenye otomatiki ya gia 6. Magari hayo yatakuja tu kama mtumba, tupende tusipende. Nayo magari ya gia za mkono ya leo yana kompyuta za injini na breki zenye nyaya zilezile na ethi zilezile.

Basi tufanye nini? Mimi napendekeza mambo matatu, yote yako ndani ya uwezo wetu.

Moja, gereji ziandike ukutani bei ya kupima, kama vile maabara inavyoandika bei ya kipimo cha malaria. Mteja alipe kabla, apewe karatasi yenye majibu: volti ngapi, namba zipi zimesomwa, waya upi umepimwa. Karatasi hiyo ni mali yake, aende nayo kwa fundi yeyote. Nani amewahi kumwambia mtu wa maabara "sikulipi kwa sababu hujanikuta na malaria"?

Mbili, VETA Mara pale Musoma iwaite mafundi walioko kazini, iwafundishe jioni au Jumamosi kupima umeme wa gari na kusoma michoro. VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani na kuwapa vyeti. Ni jambo jema, lakini cheti cha kile ambacho fundi anakijua tayari hakimsaidii mbele ya kompyuta asiyoijua. TEMESA, wanaotengeneza magari ya serikali mkoani, nao wanakutana na magari ya aina hii. Mashine moja nzuri ya kuweka programu, yenye leseni halali, inaweza kuhudumia mkoa mzima kwa malipo, badala ya kila boksi kusafirishwa Dar. Na Butiama kuna chuo kikuu chenye neno teknolojia kwenye jina lake na jina la Mwalimu juu yake. Kipelekwe kazi hii.

Tatu, wenye magari tubadilike. Ukimkuta kijana anayepima kabla ya kutaja spea, mlipe anachoomba na umtangaze kwa majirani. Ukimpunguza leo, kesho na yeye ataanza kutaja spea.

Butiama ni kijiji alichozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Mwaka 1967 alituandikia Elimu ya Kujitegemea. Chini ya uongozi wake taifa hili lilithubutu kuwaza kuunda lori lake lenyewe, na mwaka 1985 kikaanzishwa kituo cha Nyumbu kule Kibaha. Hapa sidai tuunde pikapu. Nadai kitu kidogo zaidi: gari likizimika Bunda, awepo Bunda mtu anayeweza kusema kwa uhakika limezimika kwa nini.

Mpaka hapo tutakapompata huyo mtu na kumlipa, mitamba itaendelea kuuzwa, na maboksi mazima yataendelea kutupwa nyuma ya gereji yakiitwa marehemu. Wenye magari, mafundi, na ninyi wa VETA mnaosoma hapa, hoja ndiyo hiyo.

Naomba kuwasilisha.